Mbegu ya yaurti: namna ya kuitunza isikufe nyumbani

Kikombe kimoja cha yaurti kinaweza kuzaa lita nyingi bila kurudi dukani kila mara. Inatosha kuweka pembeni vijiko viwili mbele jamaa haijaanza kula. Hiyo ndiyo mbegu. Ikikufa, kazi inaanza upya, na pakiti ya maziwa ya unga inaweza kwenda bure.

Mbegu ni nini?

Yaurti ni maziwa yaliyogandishwa na vijidudu hai vya aina mbili vinavyosaidiana. Vinakula sukari iliyo ndani ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Ndiyo ule uchachu unaosikika kwenye ulimi. Mwaka 1905, Stamen Grigorov wa Bulgaria, akiwa Geneva huko Uswisi, alitambua kimoja cha vijidudu hivyo katika yaurti ya kwao. Lakini wachungaji wa ng'ombe walikuwa wakigandisha maziwa zamani sana mbele ya hapo.

Si kila yaurti inafaa kuwa mbegu. Ile iliyopashwa moto tena kiwandani ili ikae miezi bila frigo haina tena vijidudu hai. Chagua ya kawaida, isiyo na sukari wala matunda.

Maziwa na maji

Maziwa ya unga yanafaa kabisa. Kwa lita moja ya maji, weka gramu 130 hivi. Ukiongeza kidogo, yaurti inakuwa nzito. Maji yawe ya ziwa, ya kisima ao ya robine, yachemke kwanza. Wakaaji wa Kalemie wanaijua kolera, na uchachu wa yaurti hausafishi maji machafu. Maziwa mabichi ya ng'ombe nayo yachemshwe, sababu yanaweza kubeba kifua kikuu.

Namna ya kutengeneza

1. Pasha maziwa juu ya mbabula mpaka yakaribie kuchemka, ukikoroga yasiungue.
2. Yaache yapoe mpaka digrii 43 hivi. Kama hauna kipimo, dondosha tone ndani ya kiwiko cha mkono: usikie joto, lakini lisichome.
3. Koroga vijiko viwili vikubwa vya mbegu ndani ya maziwa kidogo, kisha mimina katika lita nzima.
4. Funika, fungia ndani ya blanketi, ao weka ndani ya termosi iliyosafishwa kwa maji ya moto. Acha saa 6 mpaka 8 bila kutikisa.

Vitu vitatu vinavyoua mbegu

*Moto.* Wengi wanakosea hapa kwa sababu ya haraka. Maziwa yakiwa bado moto sana, vijidudu vinakufa palepale. Asubuhi unakuta maziwa tu, hayakuganda. Maziwa yaliyolala na joto usiku mzima namna hiyo yamwagwe, wasipewe watoto.

*Kukaa sana.* Asidi ikizidi, inadhoofisha vijidudu vyenyewe. Ndani ya frigo, tumia mbegu mbele ya siku 7. Kama hauna frigo, ao umeme umekatika siku nzima, tengeneza nyingine kesho yake.

*Uchafu.* Kijiko kilichotoka kinywani kinaleta vijidudu vingine. Toa mbegu kwanza, mbele ya kuweka sukari, ndani ya chupa iliyochemshwa yenye kifuniko.

Wakati wa kutupa

Maji ya rangi ya manjano yanayojitenga juu si ubovu, koroga tu. Lakini ukiona ukungu, rangi ya waridi, mapovu, ao ukisikia harufu mbaya, tupa yote. Kutoa ukungu wa juu peke yake hakutoshi. Kama yaurti inazidi kuwa nyepesi kila mara unapotengeneza, mbegu imechoka: tafuta mpya.

Mtu anayejaa tumbo akinywa maziwa, mara nyingi yaurti haimsumbui sana, kwa kuwa sehemu ya ile sukari imekwisha kuliwa. Mtoto wa chini ya miezi 6, yeye, apewe ziwa la mama tu.

Ni vizuri pia kugawana mbegu na jirani. Ya kwako ikikufa kwa sababu ya umeme ao haraka, unabisha hodi kwake na kurudi na vijiko viwili.