Kilwa na Doctor Who: Stori Zilizopotea Kwao, Zikaokolewa Ugenini

Kama ulikuwa hujui, chukua hii: BBC ya Uingereza ilifuta yenyewe vipindi kibao vya tamthilia yake maarufu, Doctor Who, halafu baadhi vikaja kuonekana Nigeria. Ukiwasimulia watu wa Kilwa Kisiwani hawatashangaa sana, maana na wao historia yao ilipatikana kwa mtindo huohuo.

Doctor Who ilianza kuruka hewani tarehe 23 Novemba 1963. Ni tamthilia ya sayansi ya kubuni: jamaa anayeitwa Doctor, ambaye si binadamu, anasafiri zama zilizopita na zijazo akiwa ndani ya kibanda cha bluu cha polisi. Kwa wakubwa wa kituo, hiyo ilikuwa burudani ya Jumamosi jioni tu. Ikishaonyeshwa, basi. Kanda za video zilikuwa ghali, kwa hiyo mpaka mwaka 1978 zilikuwa zinafutwa ili zirekodiwe vitu vingine. Nakala nyingi za filamu, zile za kuuzia nchi za nje, nazo zikatupwa.

Msala ukaja wasomi walipoanza kuichukulia tamthilia hiyo kwa uzito. Mwaka 1983 John Tulloch na Manuel Alvarado walitoa kitabu cha kitaaluma, Doctor Who: The Unfolding Text. Mwaka 2013 kikatoka Doctor Who and Race, kilichohaririwa na Lindy Orthia, ambacho kinahoji namna tamthilia hiyo ilivyowachora watu wa rangi na mataifa mengine. Miaka 10 baadaye, Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda, akawa ndiye Doctor mwenyewe. Lakini utapimaje safari yote hiyo kama vipindi vya mwanzo havipo?

Waliookoa jahazi kwanza ni mashabiki. Wapo waliokuwa wanaweka rekoda mbele ya televisheni nyumbani na kunasa sauti. Ndiyo maana leo kila kipindi kilichopotea kina sauti yake, hata kama picha hakuna. Kisha Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba filamu za vipindi 11 zimekutwa kwenye kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria, na 9 kati ya hivyo vilikuwa havipo kabisa kwenye maktaba ya BBC. Kile ambacho London ilikiona takataka, Jos kilikaa kwenye rafu miaka na miaka.

Sasa vuka maji kutoka Kilwa Masoko uende Kisiwani. Msikiti Mkuu upo, kasri la Husuni Kubwa lipo. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, na mji ulikuwa unafua pesa zake wenyewe za shaba zenye majina ya masultani. Julai 1505 Wareno wakauvamia. Mawe yalibaki, ila mawe hayakwambii sultani yupi alimfuata yupi na nani alimpindua nani.

Hayo yaliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, kwenye tarehe ya Kilwa. Kitabu cha asili hakijulikani kilipo. Kilichobaki ni vitu viwili: muhtasari aliouingiza Mreno João de Barros kwenye kitabu chake cha mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877, ikafika kwa konseli wa Uingereza, John Kirk. Leo hiyo nakala iko London.

Na matoleo hayo mawili hayakubaliani kila mahali. Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960, alilinganisha maandishi na pesa na kuta, akausogeza mwanzo wa utawala wa Washirazi kutoka karne ya 10 hadi mwishoni mwa karne ya 12. Ni kazi ileile ya msomi wa Doctor Who mwenye sauti bila picha: unaunganisha vipande, na ukipata kipande kipya unaanza upya.

Kuna tofauti moja inayouma. Filamu za Jos zilipopatikana, Waingereza walirudishiwa stori yao. Nakala ya Kilwa bado iko London, na mtoto wa Kilwa anayetaka kuiona kwa macho aombe viza kwanza.

UNESCO iliyaingiza magofu hayo kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na hilo ni jambo jema. Ila magofu ni nusu tu ya mji. Nusu nyingine ni maneno, na maneno yanapotea kimyakimya: kanda ya VHS ya harusi ya mwaka 1995, filamu ya Kibongo ambayo hata aliyeitengeneza hana nakala, sauti ya bibi anayesimulia, iliyofutwa juzi kwa sababu simu ilijaa.

Hivi pale kwenu, nani ana kanda ya zamani kabatini? Na kuna mtu mwingine yeyote mwenye nakala yake?