Mzigo Ulioanguka Msalabani: John Bunyan na Mafundisho ya Luther

Tunapoeleza matunda ya Matengenezo ya Kanisa, mara nyingi tunataja wafalme, mabaraza na maungamo ya imani. Ni nadra kumtaja fundi wa masufuria. Katika makala haya twamkumbuka John Bunyan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na Bedford, ambaye hakusoma chuo chochote wala hakuwa Mlutheri.

Katika ujana wake Bunyan aliteswa sana na dhamiri, akiogopa kwamba Mungu amekwisha kumkataa. Ndipo akapata nakala kuukuu ya ufafanuzi wa Luther juu ya Waraka kwa Wagalatia, kitabu kilichotolewa kwanza mwaka 1535. Katika Grace Abounding, ushuhuda wa maisha yake alioutoa mwaka 1666, anaeleza kuwa aliikuta humo hali yake mwenyewe, na kwamba, ukiacha Biblia, alikipenda kitabu hicho kuliko vyote alivyopata kuviona.

Imani hiyo haikukosa kujaribiwa. Novemba 1660 alikamatwa kwa kuhubiri nje ya taratibu za Kanisa la Serikali. Kama angeahidi kuacha kuhubiri, angefunguliwa. Hakuahidi, akakaa gerezani takriban miaka 12, akitengeneza kamba za viatu ili kuilisha jamaa yake. Mkewe Elizabeth alikwenda mbele ya mahakimu mwaka 1661 kumwombea, asifanikiwe. Wala tusidhani kuwa Bunyan hakuumia. Anakiri kwamba kutengana na watoto wake, hasa Mary aliyekuwa kipofu, kulimchoma moyo. Je, aliwatendea haki? Swali hilo lilimsumbua yeye mwenyewe, nasi hatuna budi kuliheshimu kabla ya kumsifu.

Mwaka 1678 alitoa The Pilgrim's Progress, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Hapa ndipo tunapoona mafundisho yakigeuka kuwa hadithi. Msafiri mwenye mzigo mgongoni anashauriwa kuutua kwa njia ya Sheria, lakini mlima anaoukaribia unamtisha kwa miali ya moto. Mzigo huo hafungui yeye. Unaanguka wenyewe afikapo msalabani. Huko ni kuhesabiwa haki kwa imani, pasipo kutaja neno hilo. Baadaye anatiwa shimoni na jitu liitwalo Kukata Tamaa, kisha anagundua kuwa siku zote alikuwa na ufunguo uitwao Ahadi kifuani pake. Aliyeandika hayo aliijua milango ya gereza.

Wako wanaosema kwamba mafundisho ya dini huua fasihi. Bunyan anatuonyesha kuwa kinachoiua ni mafundisho ambayo mwandishi hajayahitaji. Luther aliandika akiwa mtu aliyetafuta Mungu mwenye rehema. Fundi wa Bedford akamsoma kwa haja ile ile, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Wanafunzi wetu huweza kutofautisha Sheria na Injili vizuri katika mtihani, kisha wakapanda mimbarani na kuwatwika washarika mizigo mipya. Na sisi tunaowafundisha tumefanya vivyo hivyo. Basi, kabla ya kuandika hubiri, tujiulize: mzigo wetu wenyewe uliangukia wapi?