Historia ya Maneno ya Kiyidishi Yaliyovuka Bahari

Kiyidishi kilianza yapata miaka elfu moja iliyopita katika bonde la mto Rhine, pale Wayahudi walipotia Kiebrania cha vitabu vyao ndani ya Kijerumani cha majirani. Walipohamia mashariki, Poland na Ukraine, kikachota pia maneno ya Kislavoni.

Machi 1881 Tsar Alexander wa Pili aliuawa, na Wayahudi wa Urusi, waliosingiziwa mauaji hayo, wakavamiwa majumbani mwao. Tangu hapo hadi 1924, sheria ya Marekani ilipowafungia wahamiaji mlango, Wayahudi wapatao milioni mbili walivuka bahari. Wengi walibanana Lower East Side, New York, wakishona nguo kwa ujira mdogo. Gazeti la Forverts, lililoanzishwa 1897, liliwaeleza mambo ya ugenini kwa Kiyidishi, hata mchezo wa besiboli.

Watoto wao ndio waliobeba maneno hadi kwenye Kiingereza. Nyumbani walisikia Kiyidishi, shuleni Kiingereza, na maneno mengi waliyajua kwa ladha tu. Wachekeshaji waliokulia kazi katika hoteli za milima ya Catskill wakayafikisha redioni na kwenye televisheni, kwa watu wasiojua yalikotoka.

Tazama khutspa. Kwa wazee ilikuwa lawama: ufidhuli wa mtu asiye na haya. Mfano wao mashuhuri ni wa kijana aliyewaua baba na mama yake, kisha akaiomba mahakama imhurumie kwa kuwa ni yatima. Leo mfanyabiashara wa Kimarekani husifiwa kwa khutspa, maana yake ana ujasiri. Sishangai. Katika New York ile mhamiaji mwenye haya alilala njaa, na kilichokuwa aibu kijijini kikawa mtaji mjini.

Shmuz nayo ilikuwa soga ya marafiki, na shina lake ni neno la Kiebrania la habari zinazosikika. Kwa Kiingereza imekuwa soga yenye shabaha, ya kumlainisha mtu akupe kazi au fedha. Hapa naona neno limepoteza kitu kizuri. Shmok, tusi zito la viungo vya siri ambalo mama hakutaka kulisikia mezani, sasa ni mpumbavu tu. Kosher, yaani chakula kilicho halali kwa sheria ya Kiyahudi, imetoka jikoni: hata mla nguruwe huuliza kama mkataba fulani ni kosher.

Wakati maneno haya yakistawi Marekani, Wanazi waliwaua Wayahudi milioni sita huko Ulaya, na wengi wao walisema Kiyidishi. Mitaa ya Warsaw na Vilna iliyokilea ikanyamazishwa. Siwezi kuyasoma maneno hayo katika kamusi ya Kiingereza bila kuwakumbuka wenyewe.

Mwaka 1968 mwandishi Leo Rosten alitoa kitabu cha kuyaeleza maneno haya kwa Kiingereza, The Joys of Yiddish, kikapendwa sana. Miaka kumi baadaye Isaac Bashevis Singer, aliyeandika kwa Kiyidishi, alipata Tuzo ya Nobel. Na huko Brooklyn, familia za Wahasidi, Wayahudi washika dini sana, bado zinawalea watoto kwa lugha hiyo, na mtoto anayemjibu mkubwa kwa khutspa hukemewa.