Muswada wa sheria: mfanyabiashara wa Rusizi amwandikie nani?

Sheria ya kodi au ya usafirishaji ikishatoka kwenye Gazeti la Serikali, afisa aliyeko mpakani Rusizi, Bugarama au Ruhwa kazi yake ni kuitekeleza tu. Anayetaka irekebishwe aseme mapema, muswada ukiwa bado bungeni.

Baraza la Wabunge la Rwanda lina wabunge 80. Kati yao 53 huchaguliwa kwa kura za nchi nzima, kwa hiyo Rusizi haina mbunge wake peke yake. Wanawake 24 huchaguliwa kwa mikoa na Jiji la Kigali. Mkoa wa Magharibi una viti 6. Vijana wana 2, watu wenye ulemavu 1.

Muswada ukifika, wabunge hujadili kwanza kama una msingi. Ukikubaliwa, hupelekwa kwenye kamati ya kudumu, ambayo huuchambua kifungu kwa kifungu kabla ya kura. Huo ndio wakati wa kuandika.

Barua iende kwa mwenyekiti wa kamati, na nakala kwa wabunge wa mkoa. Itaje:
- jina la muswada na namba ya kifungu;
- hasara kwa kila lori au gunia;
- maneno yanayopendekezwa.

Barua ya ushirika mzima ina uzito kuliko ya mtu mmoja.

Tahadhari: ushuru wa forodha wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hupangwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Malalamiko hayo yapelekwe wizara ya biashara.