Kwa Nini Maziwa ya Mama Pekee?

  Leo tuzungumzie bakteria. Si wote walio adui; wengine humlinda mtoto wako.

Mnamo mwaka wa 1899, daktari Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur, mjini Paris, alichunguza kinyesi cha watoto wanaonyonya. Aliona bakteria walio na umbo la panda ya manati. Kwa watoto waliolishwa kwa chupa walikuwa wachache.

Je, hula nini? Mwaka wa 1954, Paul György na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba maziwa ya mama yana sukari zinazowakuza. Mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga tumboni.

Na wakikosekana? Mwaka wa 2021, Petter Brodin wa Sweden na wenzake waliripoti kwamba watoto wasio na bakteria hao walikuwa na dalili nyingi zaidi za uvimbe mwilini, na kinga yao ilivurugika.

Kwa hivyo, mama, mpe titi pekee miezi sita ya kwanza. Usimpe maji wala uji. Dawa ni zile tu alizoandikiwa kliniki. Kunyonyesha kukikutatiza, mwone muuguzi mapema.