Msasi, Mbwa na Chui wa Unguja

Mara nyingi historia ya nchi huandikwa kwa kufuata nyayo za wafalme, za wafanya biashara na za majeshi. Lakini ziko nyayo nyingine ambazo mwanahistoria hana budi kuzifuata, nazo ni za wanyama walioishi katika ardhi moja na watu hao. Kisiwa cha Unguja kimempoteza, au kimekaribia kabisa kumpoteza, mnyama wake mkubwa kuliko wote walao nyama, yaani chui. Jambo hilo halikuletwa na maradhi wala na ukame. Lilitendwa kwa mikono ya watu, kwa mkuki, kwa bunduki na kwa mbwa, na Serikali ilikuwamo. Katika insha hii nataka kueleza namna lilivyotendeka, kisha niulize swali moja: je, kosa lilikuwa katika kuwinda kwa mbwa, au lilikuwa mahali pengine?

Chui wa Unguja hakuwa chui wa bara aliyepotea njia. Zama za baridi kuu zilipokwisha, maji ya bahari yalipanda yakakitenga kisiwa na Mrima, na wanyama waliobaki upande huu wakaanza maisha yao peke yao. Katika maelfu ya miaka iliyofuata, chui huyu alikuwa mdogo kuliko nduguye wa bara, na mabaka ya ngozi yake yakavunjika yakawa madoa madogo madogo. Mwaka 1932 mtaalamu wa Kiingereza R. I. Pocock alimwandika katika elimu ya wanyama kwa jina la adersi, kwa heshima ya Dakta Aders aliyefanya kazi Zanzibar. Na ni jina lilo hilo alilopewa paa nunga katika lugha ya wataalamu. Ngozi za chui huyu zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho hazizidi chache za kuhesabika kwa vidole. Moja ilijazwa ikawekwa katika Makumbusho ya Zanzibar, pale Mnazi Mmoja, kando ya Mji Mkongwe, nayo ilichujuka rangi kwa miaka. Hakuna mtaalamu aliyepata kumchunguza porini akiwa hai, akaandika maisha yake.

Makao yake yalikuwa hasa upande wa mashariki na kusini, katika nchi ya mawe na vichaka inayozunguka msitu wa Jozani, penye mapango mengi na udongo haba. Magharibi ni nchi ya mikarafuu na minazi, na huko watu walikuwa wengi zaidi. Hesabu ya mwaka 1958 ilionyesha kwamba Unguja ina watu kama 165,000. Hesabu ya mwaka 2022 ikaonyesha zaidi ya 1,300,000. Kila kichaka kilichofyekwa kilipunguza paa na wanyama wengine walioliwa na chui, na kilisogeza mbuzi wa mkulima karibu na meno yake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na mkulima hakuwa mkorofi. Mwenye mbuzi watatu akiliwa mmoja, amepoteza theluthi ya mali yake. Na mwenye mtoto mdogo hawezi kulala akisikia kishindo nje ya ua.

Sasa natuutazame usasi wenyewe. Waunguja wa mashamba ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi. Mate yake yakigusa chombo, sharti kioshwe mara saba, na mara moja kwa udongo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kuweka mbwa kwa ajili ya kuwinda, kulinda mifugo na kulinda mazao. Basi mbwa wa msasi alikuwa na cheo chake: nje ya nyumba, lakini si nje ya kazi. Wasasi walikwenda pamoja na mbwa wao kuwatoa vichakani nguruwe walioharibu mihogo, na jirani aliyemkwepa mbwa njiani hakukosa kushukuru shamba lake likisalimika. Kwa chui, faida ya mbwa ilikuwa kubwa zaidi, maana chui hutembea usiku, na mchana hujificha palipo na giza. Jicho la mtu halimwoni, bali pua ya mbwa humfuata tangu pale alipomwacha mbuzi aliyemwua mpaka katika mti alioupanda au pango aliloingia.

Natumwombe msomaji alikumbuke neno hilo la mwisho. Mtego humnasa yeyote apitaye, na sumu humwua yeyote alaye. Mbwa aliyetiwa katika harufu mbichi kando ya mzoga hufuata nyayo za aliyeua, wala si za mwingine. Na mnyama akiisha kupanda mtini, msasi anayo nafasi ya kumtazama na kuamua. Kwa hiyo mbwa, katika asili ya kazi yake, ni chombo cha kumtafuta mkosaji.

Lakini hukumu ya chui haikukatwa mtini. Ilikuwa imekatwa zamani katika vinywa vya watu. Wengi wa mashamba waliamini kwamba wako chui wa kufugwa, ambao wachawi huwatunza na kuwatuma wawadhuru jirani zao. Imani hiyo ilieleza kwa nini chui aje kijijini, na kwa nini aingie ua wa huyu asiingie ua wa yule. Tena ilileta matokeo mawili makubwa. La kwanza, hapakuwa tena na chui asiye na hatia, kwani kila mmoja alidhaniwa kuwa mkono wa mtu mwovu. La pili, mtu aaminiye kwamba chui huzalishwa na kulishwa na wachawi haoni sababu ya kuhofu kwamba watakwisha msituni.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, imani hiyo ilipata nguvu ya dola. Katika miaka iliyofuata ilifanywa kampeni moja yenye mashabaha mawili, wachawi na chui, na aliyeiongoza ni mganga mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Wachawi walitafutwa vijijini, na chui wakasakwa maporini. Kampeni ilipokwisha, usasi haukukoma. Wasasi wa kitaifa waliendelea na kazi kwa baraka za Serikali, na chui akahesabiwa pamoja na wanyama waharibifu, ambao kumwua mmoja wao ni kheri. Hata katikati ya miaka ya 1990 hesabu za Serikali zilikuwa bado zikitaja chui waliouawa.

Inafaa kulinganisha na mambo ya ng'ambo. Huko Marekani yuko paka mkubwa aitwaye puma, ambaye naye hula kondoo na mbuzi wa watu, naye kwa muda mrefu amewindwa kwa mbwa. Mwaka 1990 wapiga kura wa California walimwekea hifadhi. Wale wa Oregon mwaka 1994, na wa Washington mwaka 1996, walipiga marufuku kumwinda kwa mbwa kwa ajili ya mchezo. Hata hivyo hawakumwacha mfugaji bila msaada. California mtu aliyeharibiwa mifugo huweza kuomba kibali cha kuuawa puma aliyetenda uharibifu. Na Oregon na Washington mbwa waliruhusiwa kuendelea kutumika dhidi ya mnyama aliyethibitika kuwa na madhara. Sisemi kwamba huko ugomvi umekwisha. Bado wafugaji hulalamika, na wapenda wanyama hulalamika pia. Lakini msingi wa kibali ni kwamba mshitakiwa ni mnyama mmoja, kwa tendo moja, mahali pamoja, na kazi ikiisha kibali nacho kimekwisha.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Mbwa wa Unguja na mbwa wa Oregon ni wa kazi moja. Kilichotofautiana ni amri waliyopewa wenye kuwashika. Wahenga wetu husema samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo ni ya kweli katika tenga la samaki, lakini ikifanywa kuwa sheria ya nchi hugeuka dhuluma. Na iliyowapata chui haikuwa mbali na iliyowapata watu, kwa kuwa katika kampeni ile ile jirani aliweza kutuhumiwa uchawi kama vile chui alivyotuhumiwa kufugwa, na yote mawili yalikuwa mashitaka yasiyo na njia ya kukanushwa.

Mtu anaweza kusema kwamba mkulima wa miaka ile hakuwa na muda wa kupima mambo haya. Ni kweli, na hatumlaumu yeye. Kumlinda mkulima na mbuzi wake ilikuwa haki. Bali kupima ni kazi ya dola, na dola ilipoacha kupima ikachukua hofu ya mkulima ikaifanya kuwa siasa, hapakubaki mtu wa kuuliza wamebaki wangapi.

Swali hilo liliulizwa wakati umekwisha kupita. Katika miaka ya 1990 palikuwa na nia ya kuanzisha mpango wa kumhifadhi chui, ikaachwa kwa kuwa tumaini lilikuwa dogo mno. Matokeo ya uchunguzi wa kamera katika msitu wa Jozani, yaliyotolewa mwaka 2003, yalionyesha wanyama wadogo walao nyama, lakini si chui. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikafanywa hifadhi ya taifa. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuondoka, nyumba yake ndipo ikawekewa mlango. Mwaka 2018 watu wa televisheni kutoka ng'ambo walitangaza kwamba kamera yao imempata chui, na maneno yakazuka upya. Wanavijiji, kwa upande wao, hawakuacha kusema kwamba wamemwona.

Labda yupo, na labda hayupo. Ila hata akitokea kesho kando ya zizi la mbuzi, Unguja itahitaji kwanza jambo ambalo mwaka 1964 halikuwapo: mtu mwenye mamlaka atakayeuliza, kabla mbwa hawajafunguliwa, ni chui yupi aliyeua, na ni nani aliyemwona.