Kaseti ya Hasselt, Kesi ya Brussels, na Wazee Wetu wa Bendi



Hapa Forest, au Vorst kama Waflemi waitavyo, upo ukumbi mkubwa wa muziki uitwao Forest National, uliofunguliwa mwaka 1970. Utaratibu wake hauna utata: huna tiketi, huingii. Muziki uliorekodiwa hauna mlango wa namna hiyo, na ndiyo maana tunagombana mpaka leo.

Wengi hudhani uharamia wa muziki ulianza na Napster mwaka 1999. La hasha! Chombo kilichompa mtu wa kawaida uwezo wa kunakili muziki kirahisi kilibuniwa papa hapa Ubelgiji. Ni kaseti, kazi ya Lou Ottens na wenzake wa Philips mjini Hasselt, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1963.

Kwetu kaseti ilikuta pengo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi ili itangaze, si ili iuze, na nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, hata njia hiyo ikawa ngumu. Basi wenye redio kaseti wakanasa nyimbo hewani, na wafanyabiashara wakauza nakala mitaani. Msikilizaji alipata muziki, muuzaji alipata faida, mtunzi aliambulia sifa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999, nyimbo hizo zikiwa zimeshazagaa kila kona.

Wenzetu wa Ulaya walitangulia kutafuta dawa. Ujerumani tangu mwaka 1965, na Ubelgiji kwa sheria ya mwaka 1994, waliamua kutoza vifaa vya kunakilia na kuwagawia watunzi fedha hizo. Tanzania nayo imeweka tozo ya aina hiyo katika miaka hii ya 2020.

Intaneti ilipoingia, SABAM, chama cha watunzi wa Ubelgiji kilichoundwa mwaka 1922, kilitaka dawa kali zaidi. Mwaka 2004 kiliishtaki kampuni ya intaneti ya Scarlet mjini Brussels, na mwaka 2007 mahakama ikaiamuru kampuni hiyo izuie wateja wake kupeana nyimbo kinyume cha sheria. Scarlet ikakata rufaa. Tarehe 24 Novemba 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hapana: huwezi kuilazimisha kampuni ichuje mawasiliano ya wateja wake wote, kwa gharama yake na bila kikomo, kwani hiyo inagusa faragha na uhuru wa kupata habari.

Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo jipya linalozibebesha jukumu tovuti kubwa zinazopokea muziki na video za watumiaji. Matokeo yake vichujio vimerudi kwa mlango mwingine.

Sasa hebu tujiulize, kichujio kinajuaje wimbo ni wa nani? Kinalinganisha tu na orodha iliyowasilishwa na anayedai kuumiliki. Je, nyimbo za bendi zetu za miaka ya 1970 zimo kwenye orodha hizo kwa majina ya nani? Mara nyingi hapakuwa na mkataba wa maana, na mtunzi, mwimbaji na kiongozi wa bendi walichanganywa hovyo kwenye lebo. Mjanja yeyote mwenye kompyuta anaweza kujiandikisha kuwa mwenye mali, na mtoto wa mtunzi halisi akipandisha wimbo wa baba yake, akaambiwa yeye ndiye haramia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya hakimu wala ya mtaalamu wa kompyuta, ni yetu sisi tunaojiita watafiti. Baadhi ya wanamuziki wale bado wako hai. Waulizwe, wimbo kwa wimbo, nani alitunga, nani alipiga gitaa, walirekodi wapi na walilipwa na nani. Majibu yaandikwe na kukabidhiwa kwa COSOTA, na familia zao zipewe nakala. Tukichelewa miaka kumi hivi, hatutakuwa na wa kumuuliza.